Paja la Sugiya Kwenye Nailoni

Saa mbili asubuhi, Sugiya Devi ameketi barazani, sari ameipandisha, kifukofuko cha hariri kilichochemshwa kimo mkononi. Anavuta uzi, anausokota kwa kiganja juu ya paja, anavuta tena. Paja lina kovu jeusi, gumu kama kisigino.

"Miaka thelathini na moja," anasema. "Baba mkwe alikuwa akikohoa tu pale mlangoni, naishusha sari haraka. Paja hili hakuliona hadi anakufa."

Vifukofuko hivi nondo wa porini ameshavitoboa akaenda zake, kwa hiyo uzi hukatikakatika, na ukiungwa pajani hubaki na vinundu. Wafumaji wa mji wa Bhagalpur, India, huvitaka vinundu hivyohivyo. Kitambaa hutoka na rangi ya asali, kinakwaruza kidogo, lakini joto la Mei hulisikii ndani yake. Hushonwa sari, makoti ya harusi, hata mapazia ya wenye nazo. Msokotaji hupata rupia themanini na kitu kwa siku.

Hayo Sugiya ameyazoea. Kilichomkaa kooni ni shali aliyoinunua mjini mkwewe Pinki, mke wa mwanawe. Lebo ina picha ya mwanamke aliyejifunika uso, akisokota uzi pajani.

"Mama, kovu hili si lako?" Pinki aliuliza akicheka. "Kumbe wewe staa!"

Sugiya hakucheka. Picha ile alipigwa na mfanyabiashara mmoja aliyeahidi kuwatafutia wasokotaji wateja. Akaipapasa shali: vinundu vilipangana mno, kila baada ya shubiri kimoja. Akachomoa uzi, akawasha kiberiti. Hariri ikiungua hunuka nywele, huacha majivu. Ule uliyeyuka, ukaganda tone jeusi.

"Nailoni!" anasema hadi leo kwa hasira. "Nililomficha baba mkwe wamelitundika sokoni, wauzie uongo!"

Mfanyabiashara, alipopigiwa simu, alisema picha ni "pambo tu." Pambo! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wiki ijayo mfanyabiashara huyo ana meza kwenye maonyesho ya vitambaa mjini. Sugiya ameshafunga kiberiti na uzi wake kwenye pindo la sari.

"Nitasimama palepale. Kila mnunuzi nitamwambia, dada, choma uzi wake, choma wangu, unuse mwenyewe."

"Na wanaume wote wale, Mama? Si utajifunika?"

"Nijifunike nini, we Pinki? Paja wameshaliona. Sasa wauone na uso."