Nyama ya Kopo Jikoni kwa Zipporah

Zipporah hakuwahi kumwona baba yake. Shitanda alipelekwa vitani Burma mama yake, Khalayi, akiwa mjamzito, na hakurudi. Serikali ilisema amepotea, basi. Kwa kuwa hakuna aliyesema amekufa, Khalayi alikataa matanga. "Sijaambiwa," aliwajibu mashemeji zake, mpaka nao wakazeeka.

Mwaka wa 1994 Zipporah alikuwa mshonaji mjini Kakamega, mwanamke wa makamo mwenye nyumba mtaa wa Shieywe na jiko la gesi alilolipenda kuliko cherehani yake. Siku moja mteja kutoka Matete akamwambia kwamba kwao kuna mzee anayeitwa Makhanu, aliyekuwa Burma pamoja na Shitanda mmoja wa Mukumu, kijiji cha kwao Zipporah.

Alimfuata. Mzee alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za watoto. Vita vilipotajwa, alirudi kwenye habari za watoto. Kuhusu Burma alisema jambo moja tu, akimsindikiza barabarani: "Chakula chetu kilikuwa kibaya, binti yangu. Nyama ya kopo na biskuti ngumu kama kigae. Tulikuwa tunaziponda, tunachemsha pamoja."

Zipporah alirudi na maneno hayo. Kama mzee hawezi kuongea, aliwaza, labda ulimi wake utakumbuka.

Makhanu alipokuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwake. Zipporah alikuwa ameoka biskuti zenye siagi kidogo. Mzee alionja, akatabasamu. "Hii ni keki, mama." Kesho yake akaoka nyingine za unga, maji na chumvi tu, akaziacha kwenye oveni mpaka zikakauka kabisa. Aliziponda kwa mchi, akafungua kopo la nyama, akachemsha vyote kwa maji kidogo. Ukawa uji wa kijivu wenye mafuta juu. Akaupakua kwenye bakuli, gesi bado inawaka.

Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Makhanu aliketi kwenye meza ya jikoni, akala vijiko viwili. Cha tatu kikasimama hewani.

"Zima moto," alisema.

"Baba?"

"Zima! Wataona moshi."

Zipporah akazima gesi. Mzee alikuwa akimtazama kwa macho yake mabovu, na sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Shitanda, usilale. Mguu unaumanga, najua. Kula."

Angeweza kusema, mimi ni Zipporah, tuko Shieywe. Badala yake alijikuta ameketi mbele yake, akajibu polepole, "Siwezi kumeza. Koo limekauka."

"Basi kaa hapa, usitoke. Nakuletea maji."

Makhanu alichukua kikombe, akatoka mlangoni ameinama, kama mtu anayepita chini ya matawi. Zipporah akabaki kitini. Bomba la maji lilikuwa pale pale ukutani, lakini hakuweza kumwita. Alikaa akimngoja, na kwa muda ule hakuwa na hakika ni nani anayengoja.

Alipotoka hatimaye, alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye ua wa michongoma, kikombe kimejaa mkononi. Mzee alikuwa akizitazama nyasi tupu miguuni mwake.

"Nilimwacha hapa," alisema. "Hapa hapa. Chakula kipo, yeye hayupo. Nimemwita mpaka wenzetu wakanivuta."

Asubuhi Makhanu hakukumbuka lolote. Alisema amelala vizuri, akaomba chai.

Zipporah alikwenda Mukumu kumweleza mama yake. Khalayi alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Chakula kilibaki?"

"Ndiyo, mama."

"Hakugusa hata kidogo?"

"Mzee hakusema."

"Ungemwuliza," Khalayi alisema. "Ulikuwa umekaa mahali pake, ungemwuliza."

Zipporah alirudi mjini. Kwa majuma kadhaa alipika nje kwenye makaa, kwa sababu kila alipowasha gesi alihisi mtu anasubiri aizime.

Agosti, Khalayi mwenyewe aliwaita mashemeji, akasema sasa ameambiwa. Walikata mgomba, wakaufunga kwa shuka, wakauzika nyuma ya nyumba badala ya mwili, kwa jina la Shitanda. Makhanu alikuja, akaketi na waombolezaji bila kuuliza kitu. Khalayi alinyolewa nywele, kama mjane wa jana.

Kulipokucha alimwambia binti yake kwamba nyumba imekuwa kimya mno. "Nilikuwa namsikianga," alisema. "Sasa simsikii."