Nta Chini ya Rangi Nyekundu

Ipo siku moja inanirudia kichwani kila nikishika msasa, mwanangu. Niliamka alfajiri, nikatoka uani kuigusa rangi kwa ncha ya kidole. Bado inanata. Nikarudi kitandani, nikageuka huku, nikageuka huku, nikatoka tena. Mke wa fundi wangu akanipigia kelele dirishani: "Hamisi! Hiyo rangi umeipaka au umeioa? Iache ipumue!"

Hakukosea sana. Nyuma ya rangi ile kulikuwa na mke kweli.

Nilikuwa kijana, nakaa Ng'ambo kwa Fundi Ramadhani, mtengenezaji wa mabodi ya pikipiki. Shule niliiacha darasa la nne, na sioni haya kusema. Leo ukishuka stesheni ya Tabora ukauliza nani anaweza kuivalisha pikipiki bodi mpya mpaka mwenyewe aipite bila kuitambua, utaletwa kwangu, na atakayekuleta hatadai hata soda. Hata wakati ule mkono wangu ulishaanza kusifiwa. Kilichonishinda ni kukaa kitako.

Miaka ile ya Ujamaa vipuri vilikuwa hadithi. Kava la pikipiki likivunjika, dukani wanakuambia subiri meli, na meli yenyewe hakuna aliyeiona. Sisi hatukusubiri. Tulikata debe, tukaligongagonga juu ya gogo mpaka likashika umbo, tukaziba mashimo kwa pati, tukapiga msasa, tukapuliza rangi kwa bomba la dawa ya tumbaku. Nani alitufundisha? Njaa, mwanangu.

Sasa, Mzee Shabani wa Cheyo alikuwa akizunguka vijijini kuununulia ushirika asali na nta. Akaanguka na pikipiki kule Kwihara, kwenye mchanga wa njia ya zamani ya misafara, makava yake ya ubavuni yakawa vipande. Makava hayo ndiyo yanayofunika betri na nyaya. Bila hayo vumbi na maji vinaingia, pikipiki inakuzimikia porini na simba anakuuliza habari za safari.

Nami nilikuwa namtaka binti yake, Zuhura. Mzee alijua. Alijua pia kuwa karani mmoja wa ushirika, kijana mwenye viatu vya kung'aa, anamtaka huyo huyo. Akanisemesha mbele ya fundi wangu.

"Nasikia una maneno mengi, kijana. Haya, nitengenezee makava. Keshokutwa nakwenda Sikonge. Nikirudi nayo mazima, tuma wazee wako nyumbani. Yakiniaibisha njiani, usinikanyagie baraza."

Madebe alileta mwenyewe, ya kazi yake, yaliyokuwa yamebeba nta. Fundi Ramadhani akayanusa, akaniambia niyachemshe kwenye maji ya majivu kabla ya kuyakata, maana nta inajificha kwenye mikunjo. Mimi nikapiga hesabu ya kuni, ya pipa, ya kusubiri maji yachemke, nikaona ni asubuhi nzima inapotea. Nikayasugua kwa sabuni na maji ya kisima. Yakawa meupe, nikasema yatosha.

Basi nikakata, nikagonga, nikapaka rangi ya chini, nikaja na nyekundu juu yake. Ndiyo hiyo niliyokuwa naiamkia alfajiri. Na ilipokauka, wallahi, ilikuwa kazi! Ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama humo.

Mzee Shabani alifika mchana. "Mwangaluka," akatusalimu Kinyamwezi kwa furaha, ingawa jua lilishapanda na salamu hiyo ni ya asubuhi. Akapewa kahawa. Akazunguka makava, akacheka. "Hili ndilo debe langu? Kijana, umenivalishia pikipiki joho!" Mimi moyoni nilishaanza kuchagua wazee wa kuwatuma.

Fundi Ramadhani aliinuka. Alichukua kava moja, akaliweka juani juu ya bati, akarudi kwenye kahawa yake. Wakaongea bei ya asali, wakaongea mvua. Mimi nikakaa, nikasimama, nikakaa. Hatimaye akalifuata, akalibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikateleza kama utando wa maziwa. Chini yake nta inang'aa.

"Ulilichemsha?" akaniuliza.

"Nililiosha, fundi."

"Sikukuuliza kuosha."

"Sasa si ungeniita pembeni..."

"Pembeni ungejitetea. Hapa huna pa kwenda."

Mzee Shabani akaweka kikombe chini. "Kumbe nilikuwa naondoka na ndui iliyopakwa rangi. Mimi kesho asubuhi nasafiri, na makava au bila makava." Akaenda zake.

Nikwambie kilichonijia, mwanangu. Nilitaka kupuliza rangi nyingine juu. Ingeng'aa vizuri mpaka apite Kwihara, na huko nani angeniona? Nilishashika bomba. Fundi akalishika upande wa pili.

"Haraka yako ni ya kusifiwa," akasema. "Kazi haijakuharakisha hata kidogo. Wewe unataka mke wa kukaa naye, au unataka shangwe ya jioni moja?"

Nikaliacha bomba. Nikakwangua nyekundu yangu yote, inaanguka chini kama maganda. Nikakusanya kuni, nikachemsha majivu, nikatumbukiza makava, nikaona nta ikielea juu ya maji mpaka nikaona aibu. Nilipomaliza kusugua, muda ulinitosha kupaka rangi ya chini tu, ile ya kijivu. Mzee Shabani akaondoka hivyo hivyo. Karani alikuwepo barabarani, akapaza sauti watu wasikie: "Mzee, pikipiki umeifungia masufuria ya nani?"

Siku mzee alizokuwa safarini sikula vizuri. Kila pikipiki ikinguruma natoka nje. Zuhura akanitumia salamu kwa shoga yake kwamba nikiendelea kukonda hivyo hatanitambua.

Mzee alirudi amejaa vumbi mpaka kope. Akaegesha mbele ya karakana, akafungua kava, akaingiza mkono mle ndani, akautoa. Mkavu, msafi.

"Masufuria yako yamepigwa mawe, yamenyeshewa. Yapake hiyo nyekundu yako. Wazee waje Ijumaa baada ya sala."

"Waje leo, mzee!"

"Ijumaa, nimesema. Lo, huyu mtoto!"

Mwanangu, sikwambii utulie. Mimi mwenyewe sijatulia mpaka leo, muulize mke wangu Zuhura. Ninachokuambia ni hiki: haraka uliyonayo ipeleke kule kwenye kuchemsha na kusugua, kwenye kazi ambayo hakuna atakayeiona wala kuisifu. Ukifika kwenye kung'arisha, hapo ndipo ushike breki. Na mkubwa wako akikufunulia kosa mbele za watu, usimtafutie maneno. Anza kukwangua.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo unaokubali kurudia. Akuzungushie watu watakaokuambia ukweli ungali na muda wa kuutumia. Amina.