Mzee wetu alikuwa anasusa samaki nyumbani, akaja kumaliza sahani mbili za sushi (Bujumbura)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Leo nawaletea ya nyumbani kwangu, na sijaongeza chumvi hata punje. Asiyeamini aje Jabe amuulizie fundi wa mafriji, ataletwa mpaka mlangoni.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Mzee akahamia kwangu, tukawa mimi, yeye na mke wangu Shamimu.

Mzee ni mtu wa mjini wa zamani, alikuwa na duka la vitambaa maisha yake yote. Kanzu safi, maneno machache. Na ni mtu wa samaki. Sisi tumekulia mukeke wa ziwani na ndagala, nyama ilikuwa ya Iddi na ya wageni.

Sasa tabu ikaanzia hapo hapo kwenye samaki.

Shamimu anapika mukeke wa mchuzi. Mzee anamega ugali, anachovya mchuzi, anasukuma sahani. "Mi nimeshashiba, mutoto yangu." Kesho yake hivyo hivyo. Akawa anakonda mpaka kanzu zinamvaa yeye.

Dada yangu mkubwa huja kila Ijumaa kumwona. Yeye hakuzunguka, alisema mbele ya Shamimu: "Baba kwa mama alikuwa anakula muzuri. Huku hakuli. Kama si mapishi ni nini?"

Wakuu, mke wangu ana moyo. Alijaribu limau, akajaribu mawese, akapunguza pilipili, akaiondoa kabisa. Mwisho akawa analia jikoni. Siku moja akaniambia, bila hasira, huku anakunja nguo:

"Kama ni mi nafanya baba anakonda, acha niende kwetu Ruziba. Dada yako akuje amupikie."

Nikaona nyumba yangu inavunjika hivi hivi kwa sababu ya samaki.

(Najua wapo watakaosema ningemnyamazisha dada. Dada yangu hamumjui. Tuendelee.)

Kuna mgahawa mdogo wa Kijapani hapa mjini. Uko ndani ya nyumba ya kawaida tu, ukipita haraka utadhani ni kwa mtu. Mwenyewe ni mama wa makamo kutoka Japani, wote tunamwita Madame. Ameishi hapa mpaka Kiswahili chake ni kile kile cha sokoni kwetu. Friji lake lilikuwa limezima, na samaki wake huja kwa ndege wamegandishwa. Nililifufua kabla hawajaharibika, akafurahi, akasema niende na familia tukale.

Shamimu nilimpeleka apumzike na jiko. Mzee tulimchukua kwa sababu hakukuwa na wa kubaki naye. Kumpeleka mzee wa Kiswahili kula samaki mbichi, najua, mnacheka. Hata mimi nilijua ataishia kunywa chai.

Pale ndani pametulia. Vimeza vichache, taa za karatasi, na kaunta ya mbao ambapo Madame anakata samaki unamwona. Akatuletea vitaulo vya moto vya kufutia mikono. Mzee akasema hawa watu wana adabu. Kisha akauliza kama chakula kina pombe. Madame akajibu chake hakina, na chupa moja iliyokuwa kaunta akaiondoa.

Vikaja vitonge vya wali, juu ya kila kimoja kipande cha samaki.

Nikamshikisha mzee vijiti. Vikaanguka. Nikaokota, nikamshikisha tena, watu wanatazama, jasho linanitoka. Madame akaniambia: "We fundi, achia baba. Hii tunakula na mukono, hata kwetu."

Mzee akanyoosha mkono, lakini hakula. Alikipapasa kile kipande cha samaki kwa kidole, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Akamwinamia Madame na kuuliza kwa sauti ya chini: "Hii iko na mifupa?"

"Apana, baba. Hata moja."

"Bismillahi."

Akala. Akaomba sahani ya pili. Akaniuliza kama changu bado nakitaka.

Mimi nacheka tu. Kumtazama Shamimu, yeye hacheki. Alikuwa anaangalia kidole cha mzee, maana kila kitonge kilipapaswa kwanza ndipo kikaliwa. Akanikanyaga mguu chini ya meza, akaninong'oneza: "Haoni mifupa."

Wakuu, nilimkumbuka mama, alivyokuwa anakaa ubavuni kwa mzee, anamchambulia samaki na kumwekea minofu upande wake. Miaka yote. Sisi watoto tulisema ni mahaba, tukawa tunawatania. Kumbe macho ya mzee yalishaanza kwenda, na aliyejua ni mama peke yake. Alipoondoka, mzee akaona bora njaa kuliko kumwomba mkwe wake amchambulie samaki kama mtoto.

Iliniuma sana. Nilitaka kumuuliza pale pale, Shamimu akanibana mkono. "Apana. Usimuseme mbele ya watu."

Ijumaa dada akaja kama kawaida. Shamimu alichambua mukeke wote jikoni, mfupa mmoja mmoja, akarudisha minofu kwenye mchuzi, akatupakulia wote sawa ili isionekane kuna sahani ya mtu.

Mzee akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akala mpaka akafuta sahani kwa ugali, dada anamtazama tu.

Alipomaliza akasema: "Shamimu, mama, ni yule Madame amekufundisha kutoa mifupa?"

"Ndiyo, baba. Ni yeye."

"Sasa pika vile siku zote."

Hakuna aliyetaja macho. Baadaye nilimwomba mzee anisindikize kwa daktari wa macho, nikajifanya mimi ndiye mgonjwa, tukapimwa wote wawili. Yake ni mtoto wa jicho, tunangoja siku ya kumtoa.

Nilichojifunza ni hiki: mzee akisusa chakula, kabla hujamlaumu mpishi, kaa karibu naye uangalie mikono yake.

Nyie wenye wazee nyumbani, walikuwa wanawaficha nini, na mligunduaje? Andikeni hapa chini, nasoma zote.

Na dada, najua uko humu kwa jina la bandia. Ijumaa karibu mapema. Mukeke watakuwa jikoni, zamu ya kuchambua ni yako.