Jembe Si Kiboko, Asema Mwalimu Rwamba

Shamba la shule unalipita kila siku ya soko ukienda Nkubu. Ukiona watoto wameinama na majembe unasema, "Hao wamekosea mahali," kisha unageuza uso. Kugeuza uso huko ndiko kumetufikisha hapa.

Saa sita, jua la utosi. Mwalimu Regina Rwamba amepiga magoti katika shamba hilo la shule ya kutwa, akifunika udongo kwa majani makavu. Wanafunzi wake wa kilimo wamemzunguka.

"Marete, tia mkono chini ya majani. Unasikia nini?"

"Baridi, madam."

"Sasa hapo palipo wazi."

"Uui! Hapa ni jikoni!"

Wanacheka. Yeye hacheki. Anaiwaza Ijumaa, siku ambayo bodi ya shule itaamua kama shamba hili ligeuzwe maegesho ya basi. Kisa? Eti ni chafu.

Muhula uliopita, naibu mwalimu mkuu aliwaleta wachelewaji hapa walime, adhabu ya kawaida. Wakang'oa njahi, maharagwe meusi yanayotambaa, ambazo darasa lilikuwa limepanda kati ya mahindi kukinga udongo. Wakakusanya majani, wakachoma. Kwao shamba zuri ni lililofagiwa kama uwanja wa kanisa. Mvua ikaja, udongo ukateremka mtoni. Mvua ikakatika, mahindi yakakauka.

"Sikuwalaumu," anasema Rwamba. "Hata mama yangu angeona haya kwa shamba hili lililojaa majani. Lakini kwetu Mbeere nimeona udongo ukiisha. Ukiisha, umeisha."

Na tusijifanye tumesahau. Wazee wetu walichimbishwa matuta na mkoloni, bunduki mgongoni. Uhuru ukaja, bunduki ikaondoka, jembe tukalibakisha kuwa adhabu. Halafu tunauliza kwa nini vijana wanakimbia shamba!

Mzee Kiunga, mzazi aliye kwenye bodi, anasimama kwenye ua wa shamba.

"Mwalimu, mimi nilileta mtoto asome. Kulima nitamfunza nyumbani."

"Na mahindi ya nyumbani yakoje, mzee?"

"Yalikauka. Ni Mungu."

"Baba, si Mungu," anadakia Nelius, binti yake, kutoka kwenye mstari wa maharagwe. "Ni wewe ulichoma majani."

"Nyamaza! Nani amekufunza kujibu wazee?"

"Ni shamba, baba."

Kiunga anaondoka akinung'unika. Ana kura Ijumaa. Hasemi ataipeleka wapi.

Rwamba ameajiriwa na bodi hiyohiyo, na mkataba wake unaisha na muhula. "Nataka kila mtoto ajaribu kipande kwao, hata kama ni kidogo kama mkeka," anasema, akikwangua udongo kwenye kucha. "Lakini shamba likienda, nami nimeenda. Usiku silali vizuri."

Mzazi, usimpe pole. Mkutano ni Ijumaa saa nne, na mlango uko wazi kwako. Funga kibanda, acha chai ipoe, panda hadi shuleni. Simama mbele ya bodi useme shamba libaki, na kulima kusiwe adhabu tena. Usipofika, kimya chako watakiandika ndiyo kwa maegesho. Nenda.