Anko Sylvanus Anayeonja Waini na Kuitema

Babu amekubali! Jamani, Babu Nyongesa amekubali, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, na mimi nilikuwepo nikaona kila kitu. Anko Sylvanus anamuoa Ayot. Wacha niwaambie kutoka mwanzo, maana nikianzia katikati mtapotea.

Anko Sylvanus ni ndugu wa mama yangu, yule wa mwisho kwao. Sisi ni watu wa Bungoma lakini tunakaa hapa Kisugu. Mama alikuja Kampala kuuza nguo kabla sijazaliwa, na Anko alipomaliza shule akamvuta naye. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba katoni kwenye stoo moja huko Nateete. Katoni za waini. Alizibeba weee bila kujua ndani kuna nini, hadi siku moja chupa ikapasuka, harufu ikajaa stoo, na Anko akasema, hii ni fenesi. Wenzake wakamcheka mpaka wakakaa chini. Waini na fenesi wapi na wapi? Lakini yeye alikuwa ameinama pale kwenye vipande vya chupa, ananusa tu.

Kuanzia hapo akawa mgonjwa wa harufu. Akitoka kazini anapitia soko la Nateete, anainua pera, ananusa, anarudisha. Anainua ndimu, ananusa, anarudisha. Mama mmoja wa matunda akamuuliza, "Ssebo, unanunua ama unanusa?" Ikabidi anunue pera kwa aibu. Mengine alijifunza kwa simu, video juu ya video, bando inaisha anaweka nyingine. Sasa hivi yeye ndiye anamimina na kueleza kwenye duka moja la waini kule juu Muyenga. Kila Alhamisi jioni watu wanakuja kuonja waini za dunia nzima na chakula cha kwenda nazo. Ukimuuliza waini fulani ikoje hakwambii maneno makubwa. Anakwambia hii ni ukwaju, hii ni moshi wa kuni, hii ni embe bichi na chumvi. Na ukionja (mimi sijaonja, msinianze, nimenusa tu) unaona kweli.

Ayot, Anko alimpata Namuwongo, karibu na reli. Ayot alikuwa anauza chakula pale, na sifa yake ilikuwa malakwang, ile mboga chachu ya watu wa kaskazini inayopikwa na karanga na simsim ya kusaga. Anko akala mara ya kwanza, akasema hii inataka waini nyeupe ya Afrika Kusini. Kesho yake akarudi na waini kidogo ndani ya kichupa cha maji. Anatafuna mboga, anapiga funda, anafunga macho, anageuka anatema pembeni. Ayot akadhani ni dawa. Akamuuliza kwa upole kama ni kifua kinamsumbua.

Hivyo ndivyo walianza. Anko anasema chakula chachu kinataka waini chachu, zikikutana zinatulia, lakini ukikipa waini tamu inageuka kama maji ya sukari. Ayot akawa anapika, Anko anajaribu. Mukene, wale dagaa wadogo, wa kukaanga na ile nyepesi ya Ureno. Nguruwe wa muchomo, yule wa kuchoma kwa makaa, na nyekundu ya Ajentina. Wakikosea wanacheka, wakipata wanacheka zaidi. Baadaye Ayot akawa ndiye anapika chakula cha Alhamisi pale dukani, na Anko akawa hawezi kumaliza sentensi mbili bila kumtaja.

Sasa shida. Baba yake Ayot ni polisi, Mzee Odur, wanaishi kwenye kambi ya Nsambya. Anko alipoenda kujitambulisha, Mzee Odur alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamwambia kijana, mimi siongei mambo ya msichana wangu na mtu mmoja. Leta baba yako. Basi.

Na Babu akakataa. Kuna mtu nyumbani alimpelekea habari kwamba Sylvanus analipwa ili anywe pombe. Mngemjua Babu mngeelewa. Alikuwa na mdogo wake, Wanyama, walifuatana, walilala kitanda kimoja utoto wote, na chang'aa ilimmaliza Wanyama polepole Babu akiwa anaangalia. Tangu amzike, Babu hajawahi kuweka kitu kikali mdomoni, hata busaa ya sherehe. Kwa hiyo kila Krismasi Anko akimuomba, jibu ni lile lile, kwamba yeye hawezi kwenda kumuombea mlevi mke. Na Anko hakuwa anabishana. Anatoka nje tu, anarudi macho mekundu, anauliza kama kuna vyombo vya kuosha. Ayot alimwambia atamngoja, lakini shangazi zake walikuwa wameshaanza kumtafutia mwingine.

Mwezi huu Babu akaja Kampala kutibiwa macho, akafikia kwetu. Mama akapanga kumdanganya, ampeleke pale dukani kama wanaenda tu kula. Anko akakataa kabisa. Asubuhi Babu akinywa uji, Anko akakaa karibu yake kwenye mkeka, akasema, "Baba, njoo unione nikifanya kazi. Ukiona mlevi, rudi nyumbani na sitakuomba tena." Babu akamaliza uji wote kwanza. Halafu akauliza ni saa ngapi.

Alhamisi tukaenda, mimi, mama na Babu. Babu alivaa koti lake la kanisa. Akakaa mwisho wa meza na soda yake, mikono juu ya magoti, na mimi nikiwa kando yake niliona anachoangalia. Hakuwa anaangalia chupa. Alikuwa anaangalia koo la Anko. Anko akipiga funda, Babu anakazia macho koromeo lake kuona kama litashuka.

Halikushuka. Ya Ureno, akaizungusha mdomoni, akavuta hewa kwa ile kelele mbaya ya kunyonya, akatema kwenye ndoo. Ya Ufaransa, akatema. Ya Ajentina, akatema. Watu wengine pale mezani walikuwa wanameza bila aibu, kuna baba mmoja mnene alimeza zote na kuomba ya jirani. Babu akamnong'oneza mama, huyu anayetema ndiye anaitwa mlevi, na yule je? Mama akamkanyaga mguu.

Mwishowe Babu akashindwa kuvumilia, akauliza kwa sauti, "Sylvanus, unatema yote?"

"Yote, Baba. Nikimeza za kwanza, za mwisho siwezi kuzisikia. Na hawa watu wananitegemea."

Malakwang ikaja. Anko hakumpa Babu waini, akamwekea sahani tu, akamweleza kwamba ile nyeupe inafanya kazi ya ndimu kwenye samaki, kwa hiyo ale tu na afikirie ndimu. Babu akala akifikiria ndimu. Nilijizuia kucheka hadi mbavu zikauma. Akaomba ongezeko, na Ayot mwenyewe akaleta, akapiga magoti kumpa.

"Hii mboga ina hasira," Babu akamwambia.

"Ndiyo Baba. Mimi naiwekea karanga, hasira yake inaisha."

"Na huyu kijana wangu unamwekea nini?"

Ayot akafunika uso kwa mkono. Meza nzima ikacheka.

Ya mwisho ilikuwa waini tamu nyekundu, na gonja, ile ndizi tamu, ya kuchoma. Anko alikuwa anaeleza kwamba waini lazima ishinde gonja kwa utamu, ndipo Babu akasimama akaomba glasi. Mama akashika kifua. Anko akamwambia taratibu kwamba si lazima, lakini Babu mkono ulikuwa umeshanyooshwa, basi akampa. Babu akapiga funda moja, mashavu yakajaa. Yule baba mnene akadhani mzee amezidiwa, akamsukumia ndoo haraka haraka. Babu akaipita ile ndoo. Akamfungua Anko kifungo cha shati, na pfuuuu, akampulizia yote kifuani.

Wageni wakashtuka. Mimi nikaanza kulia, maana mama alikuwa amenishika mkono na kuniambia maana yake. Kwetu ndivyo mzee anavyompa mtoto wake baraka, anachukua busaa mdomoni anampulizia mwilini. Baba yake Babu aliwafanyia yeye na Wanyama siku moja, wakiwa wamesimama pamoja.

Babu akajipangusa mdomo. Akasema, "Kama Wanyama angejifunza kutema, mwanangu, tungeenda naye kwa Odur. Sasa nitaenda mimi."

Anko alimkumbatia Babu vile vile na shati limelowa, hadi koti la kanisa likapata doa, na Babu hakujali. Ayot alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko ameshika sahani tupu. Babu akamwita, akampa ile soda yake iliyobaki.

Jana Babu amempigia simu Mzee Odur yeye mwenyewe. Mmoja anaongea Kiswahili cha Bungoma, mwingine cha kambi, wakapigiana kelele kama wako ng'ambo mbili za mto, lakini walielewana. Kwenda kumuomba Ayot ni Jumamosi, saa nne asubuhi, Nsambya. Mama ameshapiga pasi kitenge na Anko hali chakula vizuri, anakunywa maji tu.

Kwao Ayot wengine wako Gulu na namba zao hatuna zote, na hata wetu wengine wamebadilisha namba. Tafadhali, ukishasoma hii, mtumie mwingine.