Mpira Uliopotelea Mihogoni

Juzi, kwenye kituo cha basi Tabata, nilimwona mzee akizungusha mwavuli polepole, macho kafumba, na harufu ya suruali ya baba ikanijia, harufu ya majani mabichi.

Baba alibeba mifuko ya Wazungu kwenye uwanja wa gofu na kuwatafutia mipira iliyopotea. Jioni, uani kwetu Temeke, alisimama pekupeku mchangani akizungusha mpini wa jembe kama fimbo ya gofu. Tangu mama arudi kwao tulikuwa wawili tu, na baba hakuwa msemaji. Siku moja aliniita, akanipa mpini.

“Usitumie nguvu. Zunguka kama una ndoo ya maji kichwani.”

Nikazunguka. Mpini ukavuma. Baba akakinga macho kwa kiganja, akatazama mbali juu ya mapaa ya makuti.

“Umeuona ulivyokwenda?”

Sikujua kwamba hapakuwa na mpira; nilidhani macho yangu mabovu. Nikasema nimeuona, nisije nikarudishwa jikoni peke yangu. Kisha nikaenda kuutafuta kwenye mihogo ya jirani mpaka adhana ya magharibi.

“Sijaupata, baba.”

“Uache hukohuko, mwanangu,” alisema. “Huo ni wetu.”