Mzee Petro Ageuka Mstaarabu

Kilichomkera Imelda Ngolo kuliko vyote asubuhi ile ni watu kumpongeza. Simu iliita mfululizo: dada, hongera, video yako iko kila mahali! Akiwa chumbani kwake Mikumi akaifungua, akaona kweli iko kila mahali, akahisi moto unampanda mpaka masikioni.

Kwenye video, Mzee Petro, mkulima wa mpunga wa Kisanga, amemnyooshea jembe Mzee Ngolo, mfugaji, baba yake Imelda. "Wewe Msukuma, leo nakuzika! Nakuzika humo humo zizini kwako, na ng'ombe wote nachukua mimi!" Basi, inaishia hapo. Juu yake kuna maandishi mekundu: MKULIMA ATISHIA KUMUUA MFUGAJI KILOSA. Chini yake watu ambao hata Kisanga hawaijui wanashauriana nani aanze kumshambulia nani.

Kilichokatwa ni kile kinachofuata, ambacho Imelda alikirekodi kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Ngolo anajibu kwamba hawezi kuzikwa na mtu ambaye hata jembe lenyewe kaazima, wazee wote wawili wanacheka mpaka Petro anajishikiza kwenye mti, na mkewe, Raheli, anawaita waje kula kabla ugali haujapoa. Ni watani hao. Wengine husema utani wao ni wa mababu, wengine husema ulianza tu Ngolo alipohamia na mifugo yake kutoka Shinyanga akakuta jirani mwenye mdomo kama wake. Vyovyote iwavyo, ng'ombe wa Ngolo akiingia kwenye mpunga, Petro alikuwa akimfuata Ngolo huku akimtukana njia nzima, Ngolo naye akirudisha, na walipomaliza kutukanana hasira ilikuwa imekwisha na fidia imeshakubaliwa. Kuna mahali jambo hilo hilo humalizwa kwa mapanga.

Ukurasa wa Imelda wa mtandaoni uliota kwenye udongo huo. Hakuanza kwa kutafuta umaarufu. Alikuwa na simu nzuri kuliko wenzake, akina mama wa nyanya wakamwomba awapigie picha, awatafutie wanunuzi Dar. Akawatafutia, bure kabisa, na mnunuzi alipopatikana alimpa namba ya mwenye nyanya, si yake. Kwenye misiba alikwenda kuosha masufuria, simu akaiacha kwenye mkoba. Hakumpiga video mtu ambaye hawajawahi kula pamoja. Kwa hiyo watu walimfungulia milango, watazamaji wakaongezeka, mwishowe duka moja la mbegu pale Mikumi likaanza kumlipa alitangaze. Lakini waliopendwa kuliko wote walikuwa wazee wake wawili na matusi yao.

Ndipo akaja Herman. Kijana wa Dar, mpole wa maneno, mwenye ukurasa mkubwa wa habari. Alisema anataka nchi nzima ione wakulima na wafugaji wa Kisanga wanavyoelewana. Akalala kwa Mzee Ngolo, akala kuku kwa Raheli, tena akapewa paja. Alipoomba video nzima, Imelda alimtumia bila kuuliza swali, maana ndivyo alivyozoea kuishi na watu.

Sasa alimpigia simu.

"Herman, kicheko kiko wapi?"

"Kicheko gani, dada? Umeona lakini? Tumetrendi!"

"Usinifanye mjinga. Umekata kicheko."

"Aa, dada yangu, kicheko hakiuzi. Sikiliza, wakubwa wanataka kukuajiri kabisa. Wewe uko karibu na hawa watu, wanakuamini. Utuletee vitu kama hivi tu."

Wanakuamini! Neno hilo ndilo lililomchoma. Mtu amekaa jamvini kwao, ameona kwa macho yake imani ile ilivyojengwa, sufuria kwa sufuria, halafu anaitaka kama anayeagiza nyama buchani. Imelda alimjibu maneno yasiyoandikika, na hakuwa anatania.

Akaiweka video nzima kwenye ukurasa wake na kueleza kila kitu. Wachache waliiona. Ile ya uongo iliendelea kukimbia, mpaka wazee wakaitwa ofisi ya kijiji kueleza nani anataka kumuua nani. Wakaeleza, wakaachiwa, wakaonywa wachunge lugha. Watu wazima wale, wenye wajukuu, kufundishwa kuongea! Mtoto wa Petro aliyeko Morogoro naye akapiga simu akilia, akimsihi baba yake anyamaze.

Siku chache baadaye Mzee Ngolo alimpigia binti yake kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Petro kanisalimia."

"Kakusalimiaje, baba?"

"Kaniambia, 'Habari za asubuhi, Mzee Ngolo. Familia haijambo?' Na jana ng'ombe kaingia kwenye mpunga wake. Hakuja mwenyewe, mama. Katuma mgambo."

Imelda alipanda bodaboda kwenda Kisanga. Simu aliiacha Mikumi.

"Shikamoo, mzee," alisema uani kwa Petro. Siku zote jibu lilikuwa, "Marahaba ya nini, umekuja kuiba nini leo?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Petro. "Karibu kiti." Macho yake yalikuwa kwenye mkoba.

"Nimekuja kuomba radhi. Ile video Herman nilimpa mimi."

"Haina neno, mwanangu. Ndiyo dunia."

Ustaarabu ule ulimuuma kuliko kofi. Hasira zote, za Herman, za ofisini, za wapumbavu wa mitandaoni, zikamjaa kifuani kwa pamoja. Akaumwaga mkoba wake chini: kitana, kanga, nauli ya kurudi, simu hamna. Kisha akalichukua jembe lililoegemea ukutani akalitia begani.

"Naondoka nalo! Mtu aliyeshindwa hata kututukana, jembe la nini? Baba anakuja kukuzika, amechoka kusubiri."

Petro akaitazama njia, akautazama ua, akavitazama vitu pale chini. Jikoni, Raheli akaanza kucheka.

"Lete jembe langu, mwizi wa kike wewe!" Mzee Petro akanguruma, akanyanyuka. "Kumbe ukoo mzima! Nitamzika baba yako, na wewe nitakulaza juu yake asitoroke!"

Akamfuata akimtukana njia nzima mpaka zizini kwa Ngolo, ambaye alilisikia tusi kwa mbali akatoka mbio, hata viatu hakuvaa.

Video ya siku ile haipo. Wafuasi huuliza Mzee Petro yuko wapi, Imelda huwajibu kwamba hajambo. Na kweli hajambo, anatukana kama zamani, ila sasa kwanza huuliza simu iko wapi. Ni kwa swali hilo Imelda hajamsamehe Herman.